Nairobi hadi New York: Umbali wa safari na saa anazotumia msafiri

UMBALI wa angani kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) jijini Nairobi hadi uwanja wa John F. Kennedy jijini New York, Marekani, ni takriban kilomita 11,840. Ndege inayokwenda moja kwa moja bila kutua popote huchukua muda wa saa 15 hivi kufika huko, na kati ya saa 14 na saa 14 na nusu kurudi nyumbani.

Hilo ndilo jibu fupi kwa swali ambalo huulizwa mara kwa mara na wanafunzi wanaojiandaa kwenda ng'ambo, wazazi wanaowasindikiza, wafanyabiashara na jamaa wanaosubiri wapendwa wao warejee.

Hata hivyo, jibu hilo peke yake halitoshi. Ramani iliyotundikwa ukutani humwonyesha msafiri njia moja, ilhali ndege hufuata nyingine. Tiketi nayo huandikwa saa ambazo, zikisomwa juujuu, humfanya mtu adhani kwamba safari ya kwenda ni ya saa saba tu na ya kurudi ni ya karibu siku nzima.

Makosa ya aina hiyo yana gharama. Msafiri anaweza kufika uwanjani siku moja baada ya ndege yake kuondoka. Familia nayo inaweza kupanga tarehe ya mazishi bila kujua kwamba mwana aliye Marekani hawezi kuwasili kabla ya jeneza kushushwa kaburini. Ndiyo maana inafaa kuelewa jinsi umbali huu unavyopimwa, jinsi saa zake zinavyohesabiwa na mambo yanayorefusha au kufupisha safari yenyewe.

Umbali hupimwa vipi?

Umbali wa safari ya ndege hupimwa kutoka uwanja hadi uwanja, wala si kutoka katikati ya jiji moja hadi katikati ya jiji jingine. Kipimo hicho hufuata mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya mviringo wa dunia.

Kilomita 11,840 ni sawa na maili 7,350 hivi za nchi kavu. Marubani, kwa upande wao, hutumia maili za baharini, ambapo maili moja ni kilomita 1.852. Kwa kipimo hicho umbali huo ni karibu maili 6,390. Kwa hivyo, msomaji akikuta takwimu tatu tofauti kuhusu safari hiyo moja, asiharakishe kudhani kwamba kuna aliyekosea. Huenda ni vipimo tu vinavyotofautiana.

Hata kwa kilomita, hesabu hupishana kidogo. Sababu ni kwamba dunia si tufe kamili, bali imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Kutoka kitovu cha dunia hadi ikweta ni kilomita 6,378, ilhali kutoka kitovu hicho hadi ncha ya kaskazini ni kilomita 6,357. Anayeihesabu dunia kana kwamba ni mpira wa duara kamili hupata jibu lililotofautiana kwa kilomita chache na la yule aliyezingatia umbo lake halisi.

Ili kupata picha ya masafa hayo, mtu na afikirie barabara ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, kisha aizidishe mara 24. Ni zaidi ya robo ya mzunguko mzima wa dunia kwenye ikweta, ambao ni kilomita 40,075.

Kwa nini ndege haielekei magharibi moja kwa moja

Anayetazama ramani bapa atadhani kwamba ndege hutoka Nairobi ikaelekea magharibi, ikavuka Kongo na Gabon, kisha ikakata Bahari ya Atlantiki. Sivyo mambo yalivyo.

Mstari mfupi kabisa huelekea kaskazini-magharibi tangu mwanzo. Hupita juu ya magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Uganda, ukaingia Sudan Kusini, ukagusa eneo la Darfur nchini Sudan, kisha Chad na pembe ya kaskazini ya Niger. Huvuka jangwa la Sahara nchini Algeria, ukapita Morocco karibu na jiji la Marrakech, na hapo ndipo unapoingia Atlantiki. Baharini hupita jirani na visiwa vya Azores, ambavyo ni vya Ureno, kabla ya kuifikia pwani ya Marekani.

Asiyeamini na achukue chungwa na uzi. Akiuvuta uzi huo ukaze kati ya alama mbili alizotia kwenye chungwa, moja karibu na mstari wa katikati na nyingine juu kidogo upande wa pili, ataona uzi ukipinda kuelekea juu wenyewe. Ramani bapa ni sawa na ganda la chungwa lililobanduliwa na kulazimishwa kulala juu ya meza. Lazima linyooshwe mahali fulani, na hapo ndipo macho hudanganyika.

Ni kwa sababu hiyo pia kupitia London hakuongezi safari kama watu wengi wanavyodhani. Kutoka Nairobi hadi London ni kilomita 6,840, na kutoka London hadi New York ni kilomita 5,540. Jumla yake ni kilomita 12,380, yaani ziada ya kilomita 540 tu juu ya safari ya moja kwa moja.

Ikumbukwe kwamba mstari huo ni wa hesabu. Njia halisi hubadilika kutegemea upepo, dhoruba, ruhusa za nchi zinazopitwa na hali ya usalama. Vita vilipozuka nchini Sudan mnamo Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa na ndege zilizozoea kuivuka kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Mzunguko wa namna hiyo huongeza kilomita, dakika na mafuta, ingawa umbali ulioandikwa vitabuni hubaki ule ule.

Saa 15 zinatoka wapi?

Ndege aina ya Boeing 787-8 Dreamliner, ambayo ndiyo shirika la Kenya Airways lilianza nayo safari hii, huenda kwa kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa ikiwa imetulia angani. Kwa kasi hiyo, kilomita 11,840 zingemalizika kwa saa 13 na dakika chache. Je, karibu saa mbili nyingine hupotelea wapi?

Sehemu yake huishia ardhini na karibu na ardhi. Saa za tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, wala si inapopaa, na hukoma inapoegeshwa tena. Kati ya hapo kuna foleni ya kuruka, muda wa kupanda polepole na muda wa kuteremka. Uwanja wa John F. Kennedy ni miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi, na ndege huenda ikaamrishwa kuzungukazunguka hewani ikisubiri zamu yake ya kutua.

Sehemu kubwa zaidi, hata hivyo, huliwa na upepo. Katika kimo cha kilomita tisa hadi 12 juu ya ardhi, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kuelekea mashariki. Kasi yake huweza kupita kilomita 160 kwa saa, na katika majira ya baridi ya nchi za kaskazini wakati mwingine huzidi kilomita 300.

Ndege iendayo New York hukabiliana na upepo huo uso kwa uso, ilhali irudiyo Nairobi husukumwa nao kutoka nyuma. Hali yake ni kama ya mwenye mtumbwi katika mto Tana. Akipiga kasia kwa nguvu zile zile, atachelewa akipanda kuelekea Garissa na atawahi akiteremka kuelekea Kipini.

Mathalani, ndege yenye kasi ya kilomita 900 ikikutana na upepo wa kilomita 100 usoni, husonga mbele juu ya ardhi kwa kilomita 800 tu kwa saa. Upepo huo huo ukiwa mgongoni, ndege husonga kwa kilomita 1,000. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda kuwa kurefu kuliko kurudi, ijapokuwa njia ni moja.

Mwinuko wa Nairobi na uzito wa ndege

Kuna jambo jingine ambalo abiria haoni. Uwanja wa JKIA uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Hewa nyepesi huzipunguzia injini nguvu na kuyapunguzia mabawa uwezo wa kuinua ndege. Joto la mchana nalo huifanya hewa hiyo kuwa nyepesi zaidi.

Ndege ya masafa haya hubeba mafuta mengi mno. Dreamliner hutumia takriban tani tano za mafuta kwa saa, hivi kwamba safari ya saa 15 huhitaji zaidi ya tani 70, mbali na akiba ambayo sheria za usafiri wa anga huamuru ibebwe. Ndege iliyosheheni kiasi hicho huhitaji njia ndefu ya kurukia na hewa iliyopoa.

JKIA ina njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Hata hivyo, kuondoka usiku, hewa inapokuwa baridi, huiwezesha ndege kubeba uzito mkubwa zaidi. Iwapo hali ya hewa hairuhusu, shirika halina budi kupunguza shehena au idadi ya abiria. Uwanja wa New York uko karibu usawa wa bahari, kwa hivyo ndege irudiyo Nairobi haina taabu hiyo.

Kutoka 1959 hadi safari ya moja kwa moja

Safari kati ya miji hii miwili ina historia katika taifa hili. Mnamo Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodishwa kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani, chini ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka uliofuata, miongoni mwa wanafunzi wengine waliosafiri alikuwamo Wangari Maathai, ambaye baadaye, mwaka wa 2004, alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Ndege za wakati huo hazikuwa na uwezo wa kuvuka masafa haya kwa mkupuo mmoja. Zililazimika kutua njiani kujaza mafuta, na safari ilikuwa ya zaidi ya siku moja.

Kwa miongo mingi baadaye, Mkenya aliyetaka kwenda New York kwa kawaida alibadilisha ndege katika miji kama London, Amsterdam au Dubai. Kizuizi hakikuwa ndege pekee. Ilikuwa lazima pia Kenya itimize masharti ya usalama ya Marekani, na ni Februari 2017 ambapo mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo iliipa Kenya daraja la kwanza. Miongoni mwa kazi zilizofanywa JKIA ni kutenganisha njia za abiria wanaowasili na wanaoondoka.

Hatimaye, Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilizindua safari ya kwanza ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, ikiagwa na aliyekuwa Rais wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta. Ndege hiyo yenye viti 234 ilipangiwa marubani wanne na wahudumu 12, maadamu saa za kazi ni nyingi kiasi cha kuwalazimu kupokezana.

Huduma hiyo ilianza kwa safari za kila siku, lakini idadi yake ikapunguzwa baadaye abiria walipokuwa wachache. Mnamo Machi 2020, ilisitishwa kutokana na janga la corona, kisha ikarejelewa mwishoni mwa mwaka huo. Kwa hivyo, anayepanga safari na ahakikishe kwanza siku ambazo ndege hiyo inaruka, kwani ratiba hubadilika kulingana na msimu.

Ingawa saa 15 ni nyingi, kuna safari ndefu zaidi. Ndege zinazotoka Singapore hadi New York huvuka zaidi ya kilomita 15,300 na hukaa hewani kwa zaidi ya saa 18.

Anayepitia miji mingine

Si kila mtu atapanda ndege ya moja kwa moja. Wengine hufuata nauli nafuu, wengine hukosa nafasi siku wanayoitaka.

Kwa kupitia London, msafiri hukaa hewani takriban saa tisa hadi huko na saa nane nyingine hadi New York, jumla ikiwa saa 17. Kwa kupitia Dubai, ni saa tano hivi kwanza, kisha karibu saa 14. Njia hii ya pili ni ndefu, kwani msafiri huanza kwa kwenda mashariki ilhali aendako ni magharibi. Umbali wake wote ni zaidi ya kilomita 14,500.

Saa za kungoja uwanjani ndizo huamua hatima ya safari kama hizo. Akingoja saa mbili, msafiri huenda asione tofauti kubwa. Akingoja saa 10, safari ya saa 17 hugeuka kuwa ya saa 27. Isitoshe, akikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza kuchelewa, anaweza kupoteza siku nzima. Aidha, baadhi ya nchi hudai viza hata kwa mtu anayepita tu uwanjani bila kutoka nje. Jambo hilo sharti liulizwe kabla ya tiketi kulipiwa.

Saa za tiketi na hesabu yake

Hapa ndipo wengi hukosea. Saa zote zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika: saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, na saa ya kufika ni ya mji wa kufikia.

Kenya iko saa tatu mbele ya saa za Greenwich mwaka mzima. New York iko saa tano nyuma ya Greenwich, isipokuwa kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambapo Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Kwa hivyo, Nairobi huwa mbele ya New York kwa saa nane wakati wa baridi na kwa saa saba wakati wa joto.

Tuchukue ratiba iliyotangazwa huduma ya moja kwa moja ilipoanzishwa mwaka wa 2018. Ndege iliondoka Nairobi 23:25, yaani saa tano na dakika 25 usiku, na kufika New York 06:25, yaani saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi iliyofuata. Anayetoa saa moja kutoka nyingine bila kufikiri atapata saa saba.

Hesabu sahihi ni kuzigeuza saa zote mbili ziwe za Nairobi kwanza. Ukiongeza saa nane kwenye 06:25 ya New York, unapata 14:25 ya Nairobi, ambayo ni saa nane na dakika 25 mchana. Kutoka saa tano na dakika 25 usiku hadi saa nane na dakika 25 mchana ni saa 15 kamili.

Katika kurudi, ndege iliondoka New York saa sita na dakika 25 mchana na kutua Nairobi saa tano kasoro dakika tano asubuhi ya siku ya pili. Kwa macho, hizo ni saa 22 na nusu. Toa saa nane za tofauti, nazo zitabaki saa 14 na nusu.

Abiria aendaye New York wakati wa baridi hukutana na ajabu nyingine. Kwa kuwa ndege hulikimbia jua kuelekea magharibi, usiku wake hurefuka. Jua lililotua Nairobi jioni halimchomozei tena hadi baada ya saa 20 hivi, akiwa tayari ameshuka New York.

Mtego wa mwisho ni wa tarehe. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, maana yake ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne. Anayetakiwa kuwa uwanjani saa tatu kabla ya hapo sharti awe amefika Jumatatu saa tatu na nusu usiku. Akingoja Jumanne usiku, atakuta ndege ilishaondoka usiku uliotangulia.

Kutoka mlango hadi mlango

Saa za angani ni sehemu tu ya safari. Wakenya wengi walioko Marekani hawaishi New York, bali katika majimbo kama Minnesota, Texas, Georgia na Massachusetts. Kutoka New York hadi Minneapolis ni kilomita 1,650 nyingine, safari ya saa tatu hivi. Hadi Dallas ni zaidi ya kilomita 2,200.

Ikumbukwe pia kwamba mgeni anayeingia Marekani hukaguliwa na maafisa wa uhamiaji na forodha katika uwanja wa kwanza anaotua, naye huchukua mizigo yake hapo kabla ya kupanda ndege ya ndani. Kuacha saa moja tu kati ya ndege hizo mbili ni kujitafutia hasara.

Tuseme mazishi yamepangwa kufanyika Jumamosi saa nne asubuhi karibu na Kisumu, na mwana wa marehemu anaishi Minneapolis. Tuseme pia kwamba ratiba ni kama ile ya 2018.

Ili awe nyumbani Ijumaa jioni, lazima atue Nairobi Ijumaa saa tano kasoro dakika tano asubuhi, kisha apande ndege ya chini ya saa moja hadi Kisumu. Ili atue Ijumaa, lazima aondoke New York Alhamisi saa sita na dakika 25 mchana, na awe uwanjani huko kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Kutoka Minneapolis, ambako saa ziko nyuma ya New York kwa saa moja, ni vigumu kuwahi muda huo asubuhi ile ile. Hivyo basi atalazimika kuondoka Jumatano jioni na kulala New York.

Saa zake za angani hazizidi 19, lakini kwenye kalenda ametumia Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Na ikiwa hakuna ndege ya moja kwa moja siku ya Alhamisi, hesabu yote huanza upya. Ndiyo sababu ni busara kwa kamati ya mazishi kumuuliza msafiri kuhusu tiketi yake kabla ya kutangaza tarehe, badala ya kumtumia tarehe na kumtaka afanye kila awezalo afike.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwanafunzi aliyepewa siku ya mwisho ya kuripoti chuoni. Ucheleweshaji wa siku moja ni jambo la kawaida katika safari za mbali, na asiyejiachia nafasi hiyo huwa ameiweka nafasi yake ya masomo hatarini.

Mwili nao una saa zake

Kuketi kwa saa nyingi bila kusogea huweza kusababisha damu kuganda katika mishipa ya miguu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema mwaka wa 2007 kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu kwa safari ya saa nne au zaidi, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo. Katika safari ya saa 15, inafaa abiria ainuke na kutembea mara kwa mara, anyooshe miguu na kunywa maji ya kutosha. Wajawazito na waliofanyiwa upasuaji karibuni wamwone daktari kabla ya kulipia tiketi.

Wanaotumia dawa kwa saa maalumu, kama vile wagonjwa wa kisukari, nao wanahitaji ushauri. Dawa ya saa mbili usiku Nairobi huwa ya saa sita mchana New York wakati wa baridi. Ni daktari anayepaswa kusema kama mgonjwa atafuata saa za nyumbani au atahamia za ugenini kidogo kidogo. Dawa zenyewe zibebwe mkononi, si katika mizigo inayopakiwa chini.

Usingizi pia huvurugika. Mwili huzoea mabadiliko kwa kadiri ya saa moja kila siku, hivyo tofauti ya saa saba au nane huchukua takriban wiki moja kuzoeleka. Kwa watu wengi, kurudi mashariki huwa kugumu kuliko kwenda magharibi. Aliyetua asubuhi kutoka New York hafai kukabidhiwa usukani wa gari kwa safari ndefu siku hiyo hiyo, kwani mwili wake bado unahesabu kuwa ni usiku wa manane.

Ya kuzingatia kabla ya kulipia tiketi

Kwa muhtasari, msafiri na ajiulize mambo matano. Je, saa za kuondoka na kufika amezigeuza zote ziwe za mji mmoja? Je, tofauti kati ya Nairobi na New York wakati huo wa mwaka ni saa saba au nane? Je, tarehe iliyo kwenye tiketi ni ya kabla au ya baada ya saa sita usiku? Je, atangoja kwa muda gani kati ya ndege moja na nyingine, na mji anaopitia unadai viza? Je, ameacha angalau siku moja ya ziada kabla ya shughuli inayomsafirisha?

Nauli ikishalipwa, kubadilisha tarehe mara nyingi hutozwa ada. Ni heri hesabu hiyo ifanywe mezani, kwa kalamu na karatasi, kabla ya pesa kutoka mfukoni.